Riba ya Mkopo wa Nyumba Ikishuka, Unafuu Unamfikia Nani? Mhadhara kwa Wakazi wa Tanga

Ndugu wana-Tanga, mabibi na mabwana,

Julai 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi asilimia 5.75, na wengi wakauliza kama riba ya mkopo wa nyumba nayo itashuka papo hapo. Haishuki hivyo. Riba ya Benki Kuu huongoza mikopo ya muda mfupi baina ya mabenki, ilhali benki inayokopesha nyumba kwa miaka 15, kwa kutumia amana ambazo wenyewe wanaweza kuzitoa kesho, hujikinga kwa kutoza riba kubwa. Ndiyo sababu mwaka 2010 ilianzishwa kampuni ya TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company) ili kuzipatia benki fedha za muda mrefu. Wakati huo mikopo ya nyumba ilitozwa asilimia 22 hadi 24, na leo riba iko chini ya hapo.

Tuchukue mkopo wa shilingi milioni 50 kwa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 19, inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, yaani kwenye deni lililobaki tu, rejesho la mwezi ni takriban shilingi 841,000, na katika rejesho la kwanza riba peke yake inachukua kama 792,000, hivyo deni lenyewe linapungua kwa shilingi 50,000 hivi tu. Kwa asilimia 15, rejesho linakuwa karibu 700,000. Tofauti hiyo, kwa miaka yote 15, inapita shilingi milioni 25.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Aliyekuwa na uwezo wa kulipa 841,000 kwa mwezi sasa anaweza kukopa milioni 60 badala ya 50, na muuzaji wa nyumba ya Chumbageni au Raskazone analijua hilo. Nyumba zenye hati zikiwa chache na wanaozitaka wakaongezeka, bei hupanda, na unafuu uliokusudiwa mnunuzi huishia mfukoni mwa muuzaji. Kwa hiyo naamini kwa dhati kwamba kupima viwanja na kutoa hati huko Pongwe na Kange kuna uzito sawa na riba yenyewe, kwa sababu karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyo nayo, kwa kawaida haikubaliki benki kuwa dhamana ya mkopo wa namna hii.

Jihadharini pia na riba inayotajwa bila kuelezwa namna inavyokokotolewa. Asilimia 13 ikitozwa kila mwaka kwenye mkopo wote wa awali, bila kujali mlicholipa, rejesho la milioni 50 hizo hizo ni kama 819,000, karibu sawa na ile asilimia 19 ya salio linalopungua.

Kwa waliokwisha kukopa, someni mkataba muone kama riba yenu imefungwa au inabadilika. Ikiwa imefungwa, iombeni benki kwa maandishi iipitie upya, na kabla ya kuhamia benki nyingine jumlisheni gharama za uthamini, za kusajili rehani mpya na tozo ya kulipa deni kabla ya wakati. Deni likiwa limebakiza miaka michache, gharama hizo zinaweza kuzidi mnachookoa. Na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, kwa hiyo hesabu hii ifanywe na wote wawili kabla ya kwenda benki.