Mawe mengine yako wapi? Mhadhara juu ya ngome na magofu ya bonde la Rhine

Ndugu zangu, asanteni kwa kuitikia. Naona nyuso za mwaka jana na za mwaka juzi, na ninyi mnajua nitakalosema. Nitalisema tena, kwa sababu majira ya joto yamekaribia na wageni wenu wameshakata tiketi.

Kila mwaka, kwetu sisi tunaoishi hapa Ujerumani, ni yaleyale. Mama mkwe anakuja kutoka Mombasa, kaka anakuja kutoka Dodoma, anakaa wiki mbili, na siku moja imetengwa ya "kuona makasri". Mnapanda meli ya mto Rhine pale Rüdesheim asubuhi, mnashuka Koblenz alasiri. Bonde lile, zile kilomita 65 zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2002, lina ngome na magofu takriban 40. Mgeni anaonyeshwa karibu zote akiwa ameketi kitini na sahani ya chipsi mapajani. Anapiga picha mia mbili. Usiku ukimwuliza ile iliyokuwa katikati ya maji inaitwaje, hajui, na wewe mwenyeji wake hujui. Huko si kutembelea, ni kupita.

Ombi langu ni moja. Mgeni mpeleke kwenye gofu moja, na gofu hilo ulipe siku nzima.

Najua kuna mtu ameshaguna. "Mwalimu, mtu ametoka mbali kote huko, nimwonyeshe kuta zilizobomoka? Si bora nimpeleke kwenye kasri lenye mazulia na vioo?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na jibu langu ni mama mdogo wangu.

Miaka kadhaa iliyopita mama mdogo alikuja kututembelea. Ni mtu wa Tanga, na babake alikuwa mwashi, amekulia kwenye chokaa na mawe. Nikampeleka Rheinfels, gofu kubwa lililo juu ya mji mdogo wa St. Goar. Tulipanda kile kilima polepole kwa sababu ya magoti yake. Tulipoingia uani nikatoa simu nimpige picha, akanizuia kwa mkono. Akausogelea ukuta, akaweka kiganja, akainua uso mpaka juu palipokatika. Akaangalia chini, akazunguka kidogo, akarudi. Ndipo akaniuliza: "Mwanangu, ukuta huu ulikuwa mrefu sana, na kifusi nikionacho hapa hakitoshi. Mawe mengine yako wapi?"

Jamani! Pale nimefika na wanafunzi, nimefika na watu wenye shahada mbili mbili. Wameniuliza choo kiko wapi na basi linaondoka saa ngapi. Swali lile hakuwahi kuniuliza mtu. Nami siku ile ilinibidi nitulie nilijibu vizuri, na kulijibu kulichukua siku mbili.

Nilianzia mwanzo. Mwaka 1245 mtawala mmoja wa eneo lile, Diether wa Tano wa ukoo wa Katzenelnbogen, alianza kujenga ngome pale. Alitaka nini juu ya mlima? Ushuru. Mto ule ndio uliokuwa barabara kuu, na kila chombo kilichopita na divai, nafaka au nguo kililipishwa. Watu wetu wanaelewa haraka nikiwaambia kwamba ngome nyingi za Rhine zilikuwa forodha yenye minara. Haya mambo ya mashujaa wenye deraya na mabinti dirishani yanauzwa kwenye kadi za posta. Diether alipopandisha ushuru, miji ya mtoni ikaungana, ikaizingira ngome yake mwaka 1255. Wakakaa chini yake zaidi ya mwaka mzima, wakashindwa.

Ngome ikaendelea kukua. Ukoo ule ulipokatika mwaka 1479, ikaingia mikononi mwa watawala wa eneo la Hesse. Wao wakajenga makazi ya fahari, na kati ya 1587 na 1589 wakajenga ghala la mvinyo ambalo bado lipo. Urefu wake mita 24, kimo mita 16, dari lake limekunjwa kama tao moja kubwa. Mwingize mgeni mle halafu umwambie aimbe. Mama mdogo aliimba kaswida, na wageni wengine wote waliokuwamo wakanyamaza.

Kisha wakachimba mahandaki ya baruti. Ni njia nyembamba chini ya ardhi, zimetambaa hadi nje ya kuta, ili adui akija kusimama juu yake alipuliwe kutoka chini. Lazima uwe na tochi, na mahali pengine unainama hadi mgongo ulie. Desemba 1692 jeshi la Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, lilifika, zaidi ya watu 20,000, na waliokuwa ndani walikuwa elfu chache. Mtakumbuka kwamba miaka mitatu tu kabla, 1689, Wafaransa hao walikuwa wamechoma ngome nyingi za bonde hili. Mkisoma vibao vya magofu ya Rhine, mwaka 1689 utawachosha macho. Rheinfels haikuanguka. Wafaransa walirudi mwanzoni mwa Januari mikono mitupu.

Sasa msikilize ilivyokufa. Mwaka 1794 wakaja Wafaransa wengine, wa mapinduzi. Ngome iliyostahimili mwaka mzima wa kuzingirwa, iliyomshinda Louis XIV, ikaachwa bila risasi moja kufyatuliwa. Jemadari aliondoka na askari wake. Waliokuja wakakuta milango wazi, na katika 1796 na 1797 wakailipua. Hapo ndipo kifusi kilipoanzia. Lakini mama mdogo hakuuliza nani alibomoa. Aliuliza mawe yako wapi.

Mwaka 1812 gofu liliuzwa kwa mfanyabiashara, naye akaligeuza machimbo. Baada ya Napoleon kushindwa, Wa-Prussia, yaani watu wa ufalme mmojawapo wa Kijerumani, walikuwa wakijenga upya ngome kubwa ya Ehrenbreitstein, juu ya mto mkabala na Koblenz. Walihitaji mawe, na pale Rheinfels palikuwa na mawe yaliyokwisha kuchongwa, karibu na maji, yanangoja mashua tu. Fikirini jambo hilo. Ngome iliyolipuliwa na Wafaransa ikateremshwa mtoni vipande vipande ikajenge ngome nyingine ya kuwazuia Wafaransa.

Basi kesho yake tukaenda Koblenz, tukavuka mto kwa gari la waya, tukafika Ehrenbreitstein. Si mawe yote ya pale yametoka Rheinfels, msije mkaninukuu vibaya. Mama mdogo analijua hilo, nilimwambia. Hata hivyo alichagua jiwe moja la kona, akalipapasa, akasema, "Kumbe mmehamia huku."

Sijamaliza. Kwa nini basi Rheinfels haikwisha kabisa? Kwa sababu mwaka 1843 mwanamfalme mmoja wa Prussia, Wilhelm, alilinunua gofu ili lisiendelee kung'olewa mawe. Alifanya jambo jema, na kibao kinamsifu. Lakini Wilhelm huyo ndiye aliyekuja kuwa Kaisari wa Ujerumani mwaka 1871. Na tarehe 27 Februari 1885 ni yeye aliyetia saini hati ya ulinzi iliyoipa kampuni ya Carl Peters, yule Mjerumani aliyekusanya mikataba huko kwetu, mamlaka juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Mkono uleule. Aliyeona si haki jiwe kutolewa ukutani hakuona taabu kuitoa nchi ya watu kwa watu wengine, kwa vikaratasi ambavyo wenye nchi hawakuweza kuvisoma. Mama mdogo upande wa mamake ni Mzigua. Nilipomwambia alikuwa amekaa juu ya ngazi akifunga kamba za viatu. Alizifunga polepole, kwa muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji.

Mnaponiambia magofu ya Wajerumani hayatuhusu, mimi nawarudisha kwenye ngazi ile. Na hayakuishia zamani zile. Mji wa St. Goar ulipopewa gofu miaka ya 1920 ulifungwa kwa sharti la kutoliuza. Ukoo wa Wilhelm ukaja kudai kwamba sharti limevunjwa kwa mkataba wa hoteli iliyo palepale, kesi ikafika mahakamani Koblenz, na mwaka 2019 dai likakataliwa. Hayo ndiyo mnayoyapita na sahani ya chipsi.

Mwingine ataniambia, "Kama ni la thamani hivyo, si walijenge upya lipendeze?" Haya, nendeni Stolzenfels, ngome nyingine ya bonde hilihili, muone walichofanya. Ilichomwa 1689. Mrithi wa ufalme wa Prussia akapewa gofu lake, akalijenga upya, likamalizika 1842. Ni pazuri, sikatai. Unavalishwa ndara laini juu ya viatu ili usiikwaruze sakafu ya mbao. Lakini unachokiona ni ndoto ya mtu wa karne ya 19 juu ya zamani asizowahi kuziishi, rangi ya manjano ukutani, kila kitu mahali pake. Ukiuliza pale mawe ni ya lini, majibu yanakuwa mawili matatu kwa ukuta mmoja. Nendeni, lakini nendeni baada ya gofu, macho yakiwa yameshafunguka.

Na tafadhalini, hili kasri la Neuschwanstein. Liko Bavaria, si huku, lakini kila mgeni analitaja. Jiwe la msingi liliwekwa 1869, mwaka uliofunguliwa Mfereji wa Suez. Ni rika la Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883. Kumwambia mgeni kwamba hiyo ni ngome ya kale ni kumdanganya, na mgeni hadanganywi.

Naonyeshwa saa. Basi haya nayapitia haraka.

Marksburg, juu ya Braubach, ndiyo ngome pekee ya mlimani katika bonde lile ambayo haikuwahi kubomolewa, ingawa mizinga ya Wamarekani iliijeruhi mwaka 1945. Chama cha kuhifadhi ngome kiliinunua 1900 na makao yake yapo mle hadi leo. Mwonyesheni mgeni jiko, na ngazi ya farasi iliyochongwa mwambani. Ataona vyumba vilivyokuwa vidogo, na baridi iliyokuwamo. Anayedhani maisha ya ngomeni yalikuwa starehe apelekwe Februari.

Ile ya katikati ya maji ni Pfalzgrafenstein, mbele ya mji wa Kaub. Mnara wake ni wa 1327 hivi, ulijengwa na mfalme Ludwig wa Bavaria kwa ajili ya ushuru, na Papa alitaka ubomolewe. Haukubomolewa, na ushuru uliendelea kukusanywa hadi miaka ya 1860. Mashua ya kwenda pale inategemea kina cha mto, ulizeni kabla ya kuondoka nyumbani.

Ngome ya Eltz, iliyo upande wa mto Mosel, nilikuwa na mengi ya kusema juu yake, imekuwa ya ukoo mmoja zaidi ya miaka 800. Tutaiacha.

Safari yenyewe haina ugumu. Treni ya kushoto mwa mto inasimama St. Goar. Kati ya Koblenz na Mainz hakuna daraja la magari hata moja, kwa hiyo ukitaka kuvuka unatumia pantoni, na watoto wanaipenda kuliko meli ya watalii. Vaeni viatu vya kushika ardhi, sandali hapana. Tochi kila mtu na yake, simu haitoshi mahandakini. Sehemu nyingine za Rheinfels hufungwa kwa matengenezo, tazameni tangazo lao kwanza. Wazee wapewe muda wa kupanda, na wakitaka kusimama kwenye ukuta msiwavute mkono. Waacheni wasimame.

Dada pale nyuma mwenye mtandio wa kijani, nimeona mkono wako tangu nilipotaja Uzigua. Anza wewe.