Kaka, mtoto muache acheze

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlio Maskati, Dubai na kwengineko. Picha inaonekana? Ngojeni nisogee, jua liko nyuma yangu, ntakuwa kivuli kitupu. Haya, hapo sawa. Huu mnaouona ni Malmö IP, uwanja wa mpira hapa mjini Malmö, kusini mwa Sweden. Mwezi wa nne huu, jua lipo lakini jua jina tu. Nimevaa makoti mawili, na chupa ya chai ya tangawizi nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Wale mliosubiri bei za nyama na kodi za nyumba, leo mtanisamehe. Leo nina maneno na mtu mmoja, na nyinyi ni mashahidi.

Wifi yangu wa Chake kaniletea sauti juzi kwenye WhatsApp, dakika nne nzima, kuku wanalia, sufuria zinagongana. Mtoto wao wa kike ana miaka 12. Kila jioni akitoka chuoni kusoma Kurani anapitia uwanja wa skuli kucheza mpira na watoto wa kiume. Sasa kaka yangu kasema basi, keshakuwa mwari huyu, mwezi ujao aache.

Kaka, shikamoo. Najua unaangalia. Kila nikipandisha video wifi ananambia umecheka wapi.

Nilimuuliza wifi, mtoto anacheza namba ngapi? Kanijibu, "Wala hafungi magoli huyo, anakimbiakimbia tu pale katikati." Mie nikakaa kitako. Anakimbiakimbia katikati! Wifi, huyo anaitwa kiungo, na bila yeye wale wafungaji wenu ni watu waliovaa jezi wakisubiri basi.

Hebu niwape habari za mwanamke mmoja wa Brazil. Jina lake Miraildes Maciel Mota, lakini ukilitaja hilo hakuna atakayejua. Dunia inamwita Formiga. Kwa Kireno, formiga ni sisimizi. Walimpa jina hilo kwa uchezaji wake: hachezi kwa ajili ya nafsi yake, anabeba anapeleka, anarudi anabeba tena, kama wale wa jikoni kwetu ukisahau kopo la sukari wazi. Kazaliwa Machi 1978, mji wa Salvador, jimbo la Bahia. Huko ni pwani, samaki wanapikwa kwa tui la nazi na mawese. Ukitia kichwa jikoni kwao utadhani uko Wete.

Sasa sikilizeni. Brazil hiyo hiyo ya Pelé, kuanzia 1941 serikali ilipiga marufuku wanawake kucheza mpira, na marufuku ikaja kuondolewa 1979. Kwa hiyo siku anazaliwa Formiga, mwanamke kucheza mpira kwao kulikatazwa na sheria. Sheria ikaondoka, watu wakabaki na zao. Mwenyewe kasimulia kuwa kaka zake walikuwa wakimpiga kwa sababu ya mpira.

Kaka, hapo usizime simu.

Mwaka 1995 Kombe la Dunia la wanawake lilichezwa hapa hapa Sweden, na Formiga alikuja kulicheza akiwa na miaka 17. Halafu akaenda la 1999, 2003, 2007, 2011, 2015, 2019. Makombe 7. Hakuna mwengine aliyefika hapo, mwanamke wala mwanamume, wamtaje wamtakaye. Olimpiki nazo 7. Mpira wa wanawake ulipoingizwa Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta alikuwepo, na mpaka Tokyo hakukosa hata moja. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata, alirudi na fedha mara mbili, 2004 na 2008. Na mwaka huo wa 2004 ndio alikuja kuchezea timu ya hapa Malmö, ambayo leo inaitwa Rosengård. Miaka kumi baadaye Marta, nyota mwenzake wa Brazil, naye akaja kuichezea. Mie ndio maana nikipita hapa natembea kwa adabu.

Lakini nnachotaka mkijue zaidi ni hiki. Baada ya Olimpiki ya 2016 Formiga aliaga timu ya taifa. Miaka 38, mwili umechoka, kwa herini. Brazil, nchi yenye watu zaidi ya milioni 200, wakatafuta wa kukaa pale katikati, hawakumpata. Mwaka 2018 kocha Vadão akaenda kumuomba arudi. Bibi kizee wa mpira, anaombwa! Akarudi, akacheza Kombe la 2019 ana miaka 41. Walipotolewa na Ufaransa, Marta alisimama mbele ya kamera machozi yanamlenga, akawaambia wasichana wa kwao kuwa Formiga hatakuwepo milele. Alimtaja Formiga kabla ya kujitaja mwenyewe.

Na wakati huo wote alikuwa Paris, timu ya PSG ya huko walimsajili 2017 akiwa na miaka 38. Msimu wa 2020 na 2021 PSG wakachukua ubingwa wa Ufaransa, timu ya Lyon wakiwa wameushikilia miaka 14 mfululizo. Timu ya taifa kaiaga moja kwa moja Novemba 2021, mechi na India mjini Manaus, ana miaka 43.

Nikusimulie nilichokiona Jumamosi, kaka. Nilikaa pale, mnaona? Usawa wa mstari wa kati. Nikajiambia leo sitazami mpira, namtazama kiungo mmoja tu, dakika kumi. Mpira uko upande ule wa mbali, kila mtu macho huko. Yeye kichwa hakitulii. Kulia. Kushoto. Anatazama nyuma ya bega. Anarudi hatua mbili, anatazama tena. Nilihesabu mara 6 kabla mpira haujamfikia. Ulipofika, aligusa mara moja, tap, ukaenda kwa winga aliyekuwa peke yake, maana yeye kesha muona zamani. Watu wakampigia makofi winga. Mzee mmoja wa Kiswidi pembeni yangu, kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi, akanionesha kwa kidole mpira ulipo. Maskini alidhani nimepotea.

Hicho kichwa, kaka, hakifundishwi kwa mwaka mmoja. Mtu mwenye mbio zake unaweza kumchukua na miaka 18 ukamwambia kimbia upige. Kiungo hapikwi hivyo. Macho yale yanatokana na mechi mbovu zisizohesabika, uwanja wa mashimo, mpira unadunda unakotaka, watoto 20 wote wanagombania kitu kimoja. Hasa kati ya miaka 11 na 15. Ndio umri ule ule ambao sisi huwaita wasichana wetu ndani.

Unakumbuka mwaka ule wa karafuu nyingi? Majamvi yameanikwa mpaka karibu na njia, kupita unachagua pa kukanyaga. Wewe ulipiga shuti. Wewe, si mimi! Mpira wa soksi ukatua katikati ya karafuu, zikaruka kama mvua ya mawe. Shangazi akatoka, Mungu amrehemu. Hakuuliza nani kapiga. Aliuliza mtoto wa kike anafanya nini pale. Nikakalishwa barazani nichambue karafuu mbichi mpaka isha, vidole vimenata, makonyo huku, karafuu kule, nawasikia nyinyi mnaendelea. Na mlikuwa mnafungwa, maana katikati hapakuwa na mtu. Nilikuwa na miaka 13. Baada ya hapo nikapelekwa kwenye nage, mchezo mzuri, siusemi vibaya, lakini hakuna aliyeniuliza.

Sasa shangazi ni mimi, na mimi nauliza swali jengine.

Najua utasema mavazi. FIFA iliruhusu hijabu uwanjani tangu 2014, na Kombe la Dunia la 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza kajifunika vizuri tu, dunia nzima inatazama. Suruali ndefu ya kubana ndani ya kaptula ipo, mikono mirefu ipo. Hilo tumelimaliza.

Utasema Zanzibar haimo FIFA. Kweli. Hata CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walitupa uanachama kamili Machi 2017, Julai mwaka huo huo wakaupokonya, hata furaha haikutulia tumboni. Kwa hiyo mtoto wetu akitaka makubwa atapitia jezi ya Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania. Na Twiga Stars si wa kudharauliwa: wamecheza fainali za Afrika 2010, wakarudi tena Julai 2025 kule Morocco, wakatoka 1-1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi. Wadogo zao Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2022. Na kabla ya huko kuna timu ya wanawake ya JKU Princess hapo Unguja, boti moja tu kutoka Mkoani.

Utasema hakuna pesa. Hapo sikubishii. Hata hapa Sweden wapo wachezaji wa ligi wanaosoma au kufanya kazi nyengine. Skuli haiachi, na chuoni haachi, na akikosa vipindi kwa ajili ya mpira mie mwenyewe ntakuwa upande wako, ntapiga simu nimgombeze. Lakini sikukuambia awe Formiga. Nakuomba asitolewe kabla hajajua anaona nini akigeuza kichwa.

Haya, mikono imekufa ganzi, chai imekwisha. Mnaotaka bei za nyama, wiki ijayo inshallah.

Kaka, kuna mtu anaondoka hapa Jumatano, atapitia Dar, kisha Unguja, mpaka Mkoani. Nimempa boksi la viatu vya njumu, namba 36, wifi kanipimia mguu kwa rula ya skuli. Nenda bandarini ukavipokee wewe, usimtume mtu. Mvalishe hapo hapo, abonyeze kidole gumba mbele. Vikimbana nambie mapema, risiti ninayo, duka linanipa siku 30.