Ada ya Leseni ya Bunduki: Mwombaji Alipie Nini?

Waungwana, ada ya leseni ya bunduki huitwa kubwa au ndogo kabla mtu hajauliza inalipia kazi gani. Tuanze na kazi yenyewe. Afisa hupokea fomu, hukagua rekodi za makosa, huwapigia simu wadhamini, husoma ripoti ya daktari, kisha hufika nyumbani kwa mwombaji kuona kama kabati la chuma limekazwa ukutani kwa boliti au limeegemezwa tu nyuma ya mlango. Ziara hiyo ndiyo inayokula saa, na fedha zikipungua ndiyo rahisi kuiruka.

Tazameni Uingereza, ambako hati hudumu miaka 5. Kuanzia 2001 hati mpya ya bunduki ilikuwa pauni 50. Aprili 2015 ikawa 88, na Februari 2025 ikaruka hadi 198, kuihuisha 131. Wamiliki walilalamika, ila gawanya 131 kwa 5 upate pauni 26 na peni 20 kwa mwaka. Kwangu mimi tatizo si hiyo 198. Tatizo ni ada kulala miaka mingi, huku pengo likizibwa na walipa kodi wasio na bunduki, halafu inaamshwa kwa kishindo.

Lakini pesa peke yake haikagui mtu. Agosti 2021, huko Plymouth, mwenye hati aliwaua watu 5 kwa bunduki ambayo polisi walikuwa wameichukua, wakamrudishia mwezi uliotangulia. Uchunguzi ulikuta, pamoja na mengine, maafisa wasiofunzwa vya kutosha. Ada ikiingia kapu la jumla badala ya kitengo cha leseni, mwombaji amelipia ukaguzi asioupata.

Kwetu Kenya, kifungu cha 210 cha Katiba kinakataza ada ya leseni isiyotokana na sheria. Ila ada iliyoandikwa si gharama yote. Muuzaji wa soko la Kongowea, hapa Mombasa, akiitwa Nairobi kwa mahojiano, treni ya daraja la kawaida kwa nauli ya 2024 ni shilingi 1,500 kwenda, 1,500 kurudi, hajala wala hajalala, na kibanda kimefungwa. Mkazi wa Westlands, mtaa wa Nairobi kwenyewe, anapanda matatu. Mahojiano yafanyike hapa Mombasa kabla hatujabishana juu ya shilingi za fomu.

Ada ikizidi uwezo, wengi hawasalimishi bunduki, wanachelewa kuhuisha. Hati imekwisha, bunduki ingali kabatini, na mwenyewe sasa ana kesi chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Huyo hajitokezi tena kukaguliwa.

Ningeigawa ada mara mbili: ya uchunguzi, ilipwe fomu inapopokewa na isirudishwe, kwa kuwa kazi imefanyika hata mtu akikataliwa, na ya hati, ilipwe akikubaliwa tu. Kuhuisha kuwe nafuu kuliko kuanza, maana faili lipo. Ila ziara ya kabati ibaki palepale: watu huhama nyumba, na kabati wakaliacha.