Harufu Iliyopaa Darini: Mhadhara Kuhusu Mafuta ya Hopsi

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa kualikwa, ingawa najua kuwa baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili kwingine. Nitalisema tena, kwa sababu kila nikitembelea wapikaji wadogo wa bia hapa Dar es Salaam nakuta hopsi za bei kubwa, vile vishada vya maua vinavyoipa bia uchungu na harufu, zikichemshwa saa nzima, na mwenye sufuria ananiambia kwa fahari, "Shikamoo mzee, unasikia inavyonukia?" Marahaba, nasikia, na hilo ndilo linalonisikitisha, kwa maana harufu inayonipokea mimi mlangoni haitampokea mnywaji kwenye glasi.

Historia ya hopsi nitairuka kwa kuwa mnaijua. Ukikipasua kishada cha hopsi kwa ukucha utaona vumbi la manjano linalonata vidoleni, nalo ndilo lupulini, na ndani yake mna vitu viwili ambavyo tabia zao hazipatani hata kidogo. Cha kwanza ni utomvu wenye asidi za alfa, ambazo mashuhuri kati yake ni humuloni. Asidi hizi haziyeyuki vizuri katika maji ya kimea, yaani yale maji matamu ya nafaka iliyooteshwa ambayo baadaye huwa bia, na hazina uchungu wa maana mpaka zipate moto wa muda mrefu, ambapo pete ya kaboni 6 iliyo katika molekuli hujikunja ikawa ya kaboni 5, na umbo hilo jipya, iso-alfa, huyeyuka na kutupa ule uchungu wa bia. Ukitia gramu 100 za hopsi zenye asilimia 10 ya asidi za alfa katika lita 100, umetia gramu 10 za asidi hizo, na ukifanikiwa kubaki na theluthi moja yake kama iso-alfa ndani ya bia, jipongeze. Wachaga, kwa mbege yao, hupata uchungu kutoka gome la msesewe bila kumngoja mtu wa Bavaria, Ujerumani, awaletee hopsi. Kwa hiyo sisemi kwamba uchungu ni siri ya hopsi peke yake. Siri yake ni hicho kitu cha pili.

Cha pili ni mafuta ya kunukia, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 0.5 na 3 ya uzito wa hopsi kavu. Humo mna mirsini, ambayo wapishi wa chai ya mchaichai wanaifahamu puani hata kama hawalijui jina lake. Mna humulini na kariofilini. Mna linaloli, ambayo ndiyo inayotawala pia katika mbegu za giligilani, na geranioli, ambayo imo katika mawaridi. Gramu 200 za hopsi zenye asilimia 2 ya mafuta hukupa gramu 4 tu za hazina yote hiyo, na hizo ndizo tunazozipeleka darini.

Hapa ndipo kijana mmoja wa kemia aliponisimamisha katika mhadhara wa aina hii, akaniuliza kwa adabu nitawezaje kudai kwamba mirsini inatoroka ilhali huchemka kwenye nyuzi 167 na maji ya kimea hayapandi juu sana ya 100. Swali ni zuri, na ninalijibu kila mwaka. Nenda Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, ambako karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, hukamuliwa mafuta kwa mvuke. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, huchemka kwenye nyuzi zipatazo 254, lakini hakuna Mpemba anayengoja mtambo ufike nyuzi 254, kwa sababu mafuta yasiyochanganyika na maji yana msukumo wake wa mvuke, na maji yana wake, na misukumo hiyo miwili hujumlishwa. Ikishalingana na mgandamizo wa hewa, vyote viwili huondoka pamoja, chini kidogo ya nyuzi 100. Mvuke wa maji ndio gari, na mafuta ni abiria. Mpemba huweka bomba la kupoozea akamkamata abiria huyo akamuuza. Mpika bia wetu hufungua dirisha. Na msiniambie kwamba karafuu ni jambo jingine, kwa maana kariofilini, iliyo katika hopsi, imo pia katika karafuu, na jina lake limetokana na jina la zamani la kisayansi la mkarafuu.

Wapo kati yenu wasiokunywa pombe, na mmoja ameninong'onezea mlangoni kwamba haya hayamhusu. Yanamhusu kila anayetia iliki kwenye chai mapema mno.

Nitasemaje basi kwa anayetaka uchungu na harufu pia? Atie hopsi za uchungu mwanzoni, azichemshe apendavyo. Kisha azime moto, aache maji ya kimea yapoe hadi nyuzi 80 hivi, ndipo atie hopsi za harufu na kufunika. Wengine huzitia katika bia baridi iliyokwisha kuchachuka, na huko linaloli na geranioli, ambazo kwa kuwa na oksijeni hukubaliana na maji kuliko mirsini, hubaki kwa wingi zaidi. Lakini wajihadhari, kwa kuwa hopsi zisizochemshwa hubeba vimeng'enya vinavyovunja sukari ngumu zilizobaki, hamira ikaamka upya, na chupa iliyofungwa mapema ikapasuka. Wanakemia wa Kiingereza Brown na Morris waliliandika hilo mwaka 1893, na bado watu wanashangaa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mengine nitayataja mbiombio. Arusha maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 95, hivyo anayenakili dakika za Dar es Salaam kule atapata uchungu pungufu. Chupa ya kijani iliyoanikwa juani kwenye kibanda hunuka kama kicheche, kwa sababu riboflavini, vitamini iliyomo katika bia, hunasa mwanga, iso-alfa huvunjika, na kipande chake huungana na salfa. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Kuhusu hopsi kukaa ghalani katika joto la bandari nilikuwa na kisa kirefu cha mzigo wangu uliotoka ukinuka jibini, ila nitakiacha.

Kwenye meza ya nyuma nimeweka jiko, sufuria ya hopsi inayochemka na visahani vilivyotoka kwenye barafu. Shikilia kisahani juu ya mvuke kwa dakika moja, kitazame kwenye mwanga uone utando wa mafuta juu ya matone, unuse, kisha unuse kilichobaki ndani ya sufuria, ndipo uje na swali lako.