Tarehe 8 Machi na Wanawake wa Mwani

Assalamu alaykum. Mama zangu na dada zangu wa Wete na vijiji vya jirani, mlioacha shughuli zenu kuja kunisikiliza, ahsanteni sana.

Kila ifikapo tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, husomwa majina ya wanawake waliofika mbali, na ni haki yao kutajwa. Mimi pia ninajivunia kwamba mtoto aliyezaliwa Makunduchi, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa tarehe 19 Machi 2021 kuwa Rais wa kwanza mwanamke wa Jamhuri ya Muungano, na kwamba Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing wa mwaka 1995 alikuwa Mtanzania mwenzetu, Gertrude Mongella. Hata hivyo, asili ya siku hii iko karibu zaidi na nyinyi mnaotoka pwani na nguo mbichi kuliko sisi tunaokaa maofisini.

Tarehe hiyo tumeipata kwa wanawake wa viwanda vya nguo wa Petrograd, Urusi, ambao mwaka 1917, katikati ya njaa ya vita, waliacha mashine wakatoka barabarani kudai mkate. Siku chache baadaye mfalme wao aliachia kiti, na kabla mwaka haujaisha wanawake wa nchi ile walikuwa wamekwisha kupata kura. New Zealand walikuwa wameipata tangu 1893. Hapa petu, uchaguzi wa Julai 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao, na wanawake wa Unguja na Pemba hawakupiga kura hadi 1961. Haki tunayoiona ya kawaida, basi, ni ya juzi tu.

Sasa nije kwenye mwani. Kilimo hiki kiliposhika kasi kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, wanaume wengi walibaki na uvuvi wao, na wanawake ndio waliongoja bamvua, maji yanapokupwa sana, wakapigilia vigingi, wakafunga mbegu kwenye kamba, wakavuna na kuanika. Wengi wao kwa mara ya kwanza walishika fedha ambazo hawakumwomba mtu, wakaezeka nyumba na kusomesha watoto. Kwangu mimi, hayo ni mafanikio ya kutajwa pamoja na ya ikulu.

Lakini mnajua mnavyohangaika na kotoni, aina ya mwani wenye bei nzuri kuliko ile nyingine mnayolima, spinosamu. Maji ya kina kifupi yakipata joto, kotoni huugua na kufa. Humea vizuri zaidi kwenye kina, ambako maji hayapati joto upesi. Kwenda huko kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na haya mawili tumewafundisha watoto wa kiume, huku mtoto wa kike, aliyezaliwa kisiwani na kulelewa kisiwani, tukimwita arudi nchi kavu. Hakuna sheria iliyomzuia. Ni mazoea yetu wenyewe, na yanamgharimu bei ya kila kilo anayoiuza. Hili linaniuma kuliko mengi yanayosemwa majukwaani, kwa sababu dawa yake haihitaji kusubiri Bunge wala Baraza la Wawakilishi.

Wanawake wa Iceland, tarehe 24 Oktoba 1975, waliacha kazi zote siku nzima, za mshahara na za jikoni, ili nchi ione uzito wake. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya usawa, na 1980 wakamchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais. Siwaambii muache mwani. Nawaomba tukubaliane leo nani atawafundisha wasichana wetu kuogelea, kwa stara na kwa wakati wao, na vikundi vyenu vitachangia vipi ununuzi wa chombo. Kabla sijakaa, naomba kila mwenye binti anayejua kuogelea anyanyue mkono, tuhesabu.