Kura Nyingi, Maamuzi Machache

Wazee wetu, akina mama, vijana, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie kura na uhuru, nami nitasema ninachoamini: mtu anaweza kupiga kura maisha yake yote na bado asiwe na kauli juu ya mambo yanayomgusa kila siku.

Tazameni mwaka 2005 hapa kwetu Uganda. Tarehe 28 Julai tulipiga kura ya maoni, tukarudisha siasa ya vyama vingi. Mwaka huohuo katiba ilirekebishwa: ukomo wa mihula ya rais ukaondolewa, na uteuzi wa ofisa mkuu wa wilaya, yule tunayemwita CAO, ukatoka wilayani ukaenda Kampala. Kodi ya kichwa nayo ikasitishwa. Kodi hiyo siililii. Wazee mnakumbuka wanaume walivyojificha porini wakiwakimbia wakusanyaji. Ila ilikuwa pesa ya wilaya yenyewe, na halmashauri zetu sasa huishi kwa ruzuku kutoka serikali kuu, ambayo nyingi hufika ikiwa imeshapangiwa kazi. Diwani wako anaweza kukubaliana nawe kabisa kwamba kisima kitangulie, na asiwe na shilingi ya kukichimbia.

Wakati huohuo serikali imezidi kunenepa. Mwaka 1986 tulikuwa na wilaya 33. Leo zimepita 130. Wabunge wamezidi 500. Siku za uchaguzi tunapewa karatasi juu ya karatasi: rais, mbunge, mbunge mwanamke, mwenyekiti wa wilaya, madiwani. Tunaowachagua wameongezeka, wanayoweza kuamua yamepungua. Wakazi wa Kampala humchagua Meya Mkuu, lakini tangu sheria ya 2010 shughuli za jiji huendeshwa na mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na rais.

Wapo wanaosema CAO alihamishiwa serikali kuu ili asisumbuliwe na wenyeviti waliotaka asaini malipo ya ovyo. Hoja hiyo ina uzito, maana wizi wa wilayani upo. Lakini ofisi ya wilaya unaweza kuifikia kwa boda ukadai majibu. Wizarani utafika lini, na nani atakupokea?

Linaloniuma zaidi ni kijiji. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ndiye anayetuandikia barua ya utambulisho, ndiye wa kwanza kuitwa mpaka wa shamba ukigombaniwa. Baada ya uchaguzi wa 2001, hadi 2018 hatukumchagua hata mara moja. Katika miaka hiyo tulimchagua rais mara tatu: 2006, 2011, 2016. Nchi ilihesabiwa kuwa inapiga kura, na jirani anayeshika muhuri wa kijiji hatukuwa na namna ya kumwondoa.

Kwa sheria, baraza la kijiji si mwenyekiti na kamati yake. Ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mama anayeuza samaki sokoni ni mjumbe, kijana wa boda ni mjumbe. Na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inataka sehemu ya mapato ya gombolola, ngazi iliyo kati ya wilaya na kijiji, irudi kijijini. Vijiji vingapi vimewahi kusomewa hesabu hiyo?

Basi daini mkutano wa kijiji uitishwe. Kabla hamjaulizana nani anagombea mwaka gani, ombeni daftari la mapato lisomwe mbele ya watu. Mwenyekiti akisema pesa haijashuka, mwambieni aandike barua kwa gombolola siku hiyohiyo, isomwe kwa sauti, nanyi mtie saini wote.