Pampu Inayovuta Pumzi

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma, ambao ndio mnaoitwa mbio kila bwawa la kuogelea likichafuka: ahsanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumze mambo mawili, pampu zinazovuja na maji machafu. Kwangu mimi ni jambo moja. Nikiitwa kwenye nyumba kwa sababu maji yamegeuka rangi, huwa sianzi kwenye maji. Nachukua kigoda, nakaa mbele ya pampu, namsikiliza.

Maji ya kuogea ya kujengewa si mageni kwetu. Hapa kwetu Unguja, hamamu ya Kidichi aliyojengewa Shehrzad, mke wa Sultani Seyyid Said, ni ya 1850, na Hamamni ya mjini ni ya wakati wa Seyyid Barghash. Lakini hamamuni maji hutumika, hwenda zake. Sisi kwenye mabwawa yetu tunaoga maji yale yale miezi na miezi, kwa hiyo lazima yazunguke. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha mita moja na nusu: hizo ni lita 48,000. Pampu yenye kusukuma lita 12,000 kwa saa itahitaji saa nne kuyapitisha yote kwenye chujio mara moja. Sasa pampu hiyo ikiwa inavuta nusu maji nusu hewa, hesabu hiyo imeshakufa, na wewe huna habari.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Pampu ina upande wa kuvuta na upande wa kusukuma. Tundu likiwa upande wa kusukuma, maji yanatoka nje, sakafu inarowa, kila mtu anaona. Tundu likiwa upande wa kuvuta, pampu inapofanya kazi maji hayatoki. Hewa ndiyo inayoingia. Unapita saa nne asubuhi, sakafu kavu kabisa, unasema alhamdulillah. Pampu ikizimwa jioni ndipo tone linaanza kuanguka, na wewe uko zako msikitini.

Dalili zake ni tatu. Mapovu yanatoka kwenye matundu ya kurudishia maji bwawani. Chini ya mfuniko wa kioo wa kikapu cha pampu unaona hewa imekaa, haiondoki. Na mshale wa geji ya presha juu ya chujio uko chini kuliko kawaida, unatetemeka. Ukiyaona haya, kwanza tazama bwawa lenyewe: maji yasiposhika nusu ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu, skima itameza hewa, na pampu utakuwa umemsingizia. Maji yakiwa yametosha, chukua kitambaa kilichorowa uzungushe kwenye kiungo kimoja kimoja, anza na mfuniko. Au paka povu la sabuni. Pale linapofyonzwa ndani, au mapovu ya bwawani yanapokatika, umeshamkamata.

Nyumba moja upande wa Mbweni, mwenyewe alikuwa ameshamwaga klorini mwezi mzima. Maji kijani, anaongeza, kijani, anaongeza. Nikafungua mfuniko wa pampu. Kwenye oringi, ile pete ya raba inayoziba mfuniko, mlikuwa na chembe za mchanga, basi. Nikaisafisha, nikafuta na pale inapokaa, nikaipaka grisi ya silikoni, nikafunga kwa mkono. Mapovu yakakatika pale pale. Maji yenyewe yalichukua siku kadhaa kukaa sawa, lakini yalikaa. Na tafadhalini, msipake grisi ya gari wala mafuta ya kujipaka mwilini: mafuta yenye asili ya petroli huilainisha raba, ikavimba.

Tone likianguka pale mota inapokutana na nyumba ya pampu, hiyo ni sili ya shafti, kizibo cha mhimili unaozungushwa na mota. Ni vipande viwili, kimoja cha kauri na kimoja cha kaboni, vinasuguana vikiwa vimebanwa na springi. Vikishalika au vikipasuka hakuna dawa ya nje. Nimewahi kukuta pampu imepakwa silikoni mzunguko mzima kama keki ya harusi, na chini inadondoka vile vile. Badilisha sili, na ukiitia mpya usiguse nyuso zake kwa vidole. Ukipuuza, maji yataingia kwenye bearingi, mota itaanza kulia, na hapo hununui tena sili, unanunua mota. Kinachoziua sili ni pampu kuzunguka kavu: ikikosa maji inachemka, na hata kiungo cha plastiki kilichoungwa nayo kinanywea.

Kuna uvujaji mwingine usioonekana kabisa. Mkono wa valvu ya chujio haugeuzwi pampu ikiwa inazunguka. Ukiugeuza, raba ya ndani inahama, na maji yanatoka kimya kimya kwenye bomba la taka. Kama hujui maji yanakwenda wapi, jaza ndoo, iweke kwenye ngazi ya bwawa maji ya ndani na ya nje yawe sawa, itie jiwe isielee, uache siku nzima. Jua litakunywa yote mawili sawasawa. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Kwenye bwawa lile la lita 48,000, kila sentimita moja ni lita 320.

Sasa maji. Ya kijani yenye utelezi ni mwani. Mwani wanaoulima kina mama wa Paje baharini una faida, huu hauna hata senti moja. Ya kahawia yanayotokea baada ya kutia klorini, hasa ukiwa umejaza kwa kisima, mara nyingi ni chuma kilichokuwa ndani ya maji tangu mwanzo. Meupe kama maji ya mchele, tazama chujio, kisha pima pH, kipimo cha uasidi na ualkali wa maji. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, visima vyake vingi vina chokaa, na pH ikipanda chokaa hujitokeza. Klorini nayo hulegea: pH ikifika 8, nguvu yake iliyobaki ni kama robo. Kwa hiyo pima, shusha pH iwe kati ya 7.2 na 7.6, halafu ndiyo utie klorini, jioni, jua limeshatua. Klorini ya unga na ile ya vidonge msizichanganye kwenye ndoo moja. Zinawaka moto, si mzaha.

Na mchanga wa chujio. Kila ninapokuja nakuta kijana mwenye akili ananiuliza, mbona tununue mchanga na bahari iko hapo? Mchanga wetu mweupe ni matumbawe yaliyosagika, ni chokaa. Unaliwa na asidi ya kushushia pH, na pH yenyewe unaipandisha. Wa chujio ni wa madini ya silika, punje karibu nusu milimita.

Geji ikipanda presha kama ya baa 0.5 juu ya ulivyoizoea chujio likiwa safi, lioshe kwa kurudisha maji kinyume mpaka kioo kidogo cha pembeni kionyeshe maji safi. Ikishuka, rudi kwenye kitambaa na mfuniko.

Maneno yametosha. Pampu ya hapa nimeisikia tangu nilipoanza kusema, inavuta pumzi. Wewe kijana uliye karibu na swichi kuu, zima. Tukaifungue.